Kanuni ya Pumzi Hamsini

Kata ya Izia imo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya huko inauma. Mama anayempeleka kliniki mtoto anayekohoa anakuta mhudumu ambaye, kabla hajagusa dawa yoyote, anamfunua mtoto kifua, anatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Utaratibu huo hakuutunga mhudumu. Umo kwenye mwongozo wa IMCI wa kuwahudumia watoto wagonjwa, ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa katikati ya miaka ya 1990, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Mtoto wa kuanzia miezi miwili ambaye hajatimiza miezi 12 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka. Kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka mitano, kikomo ni pumzi 40. Mwenye kikohozi akifika hapo, anatibiwa nimonia.

Kanuni hiyo iliishi kwanza kwenye vitabu na kwenye karatasi za ukutani, kisha vichwani mwa wahudumu, na baadaye ikaanza kuhamia kwenye simu na kompyuta. Historia ninayoisimulia hapa ni ya uhamisho huo wa mwisho: jinsi kanuni iliyoandikwa na mtu wa afya, asiye mwandishi wa programu, inavyoingia kwenye mashine na kuendeshwa humo bila kupata nafasi ya kufanya jambo jingine lolote. Wengi huliona kuwa suala la mafundi peke yao. Kwangu ni suala la nani anaruhusiwa kuandika kanuni. Mfumo ambao hauwezi kupokea kanuni kwa usalama utafunga mlango, na kila badiliko dogo la mwongozo litasubiri fundi aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga.

Kwa lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo lugha ya kila kivinjari, kanuni ya pumzi inakuwa mstari mmoja:

umri < 12 ? pumzi >= 50 : pumzi >= 40

Alama ya kuuliza inatenganisha sharti na majibu: umri ukiwa chini ya miezi 12, uliza kama pumzi zimefika 50, vinginevyo, uliza kama zimefika 40. Peke yake mstari huu hausemi lolote kuhusu mtoto yeyote. Unapata maana ukipewa muktadha, yaani thamani za umri na pumzi za mtoto aliye mbele ya mhudumu. Mtoto wa miezi 9 mwenye pumzi 46, jibu ni hapana. Wa miezi 14 mwenye pumzi zizo hizo 46, jibu ni ndiyo. Kuna vitu viwili tu, kanuni na muktadha, na historia yote inayofuata inahusu kinachotokea vinapokutana.

Wazo la kuipa mashine maandishi na kuiambia iyaendeshe ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe za mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko MIT nchini Marekani, John McCarthy alikuwa akiunda lugha ya Lisp. Ndani ya maandiko yake aliweka fomula aliyoiita eval, iliyoeleza jinsi ya kukokotoa usemi wowote wa Lisp kwa kutumia Lisp yenyewe. Kwake ilikuwa hoja ya nadharia. Kijana aliyekuwa akifanya naye kazi, Steve Russell, aliona kwamba fomula hiyo inaweza kuandikwa kwa lugha ya mashine ya IBM 704 na ikafanya kazi kweli. McCarthy alimwona kama anachanganya nadharia na utendaji. Russell akaiandika hata hivyo, ikaendesha programu, na tangu hapo lugha nyingi zikarithi jina na tabia ya eval.

Mei 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10. Eval imekuwemo tangu matoleo ya mwanzo. Katika lugha hiyo inapokea maandishi yoyote na kuyaendesha kana kwamba mwandishi wa ukurasa ndiye aliyeyaandika, kwa uwezo wake wote: inasoma kila kilichopo kwenye ukurasa, inabadilisha, inatuma maombi kwenye seva kwa jina la mtu aliyeingia. Hakuna ngazi ya kati. Kikokotoo cha kujumlisha mbili na tatu kinapata mamlaka sawa na ya mwenye nyumba.

Kwa miaka kadhaa watu waliitumia bila wasiwasi mkubwa. Douglas Crockford na wenzake walipoanza kusafirisha data kwa muundo wa JSON mwaka 2001, njia rahisi ya kuisoma kwenye kivinjari ilikuwa kuikabidhi kwa eval, kwa sababu JSON inafanana na JavaScript. Waraka rasmi wa JSON wa Julai 2006, RFC 4627, ulibeba mfano wa msimbo unaokagua herufi za maandishi kwanza, kisha unaita eval. Mwaka uliotangulia, Oktoba 2005, dunia ilikuwa imeona maandishi ya mtumiaji yanavyoweza kugeuka amri: Samy Kamkar aliweka msimbo kwenye wasifu wake katika mtandao wa kijamii wa MySpace, na kila aliyeutazama akabebeshwa msimbo uleule kwenye wasifu wake mwenyewe. Zilipita saa 20 hivi, wasifu zaidi ya 1,000,000 ukawa umeathirika. Vichujio vya MySpace vilizuia maneno fulani. Kamkar akayakata vipande viwili na kuyaunganisha ndani ya eval. Kipindi hicho kilifungwa kwa JSON pale toleo la tano la kiwango cha JavaScript, Desemba 2009, lilipoleta kisomaji maalumu kinachoelewa data tu. Nakiona kuwa ni kigeuko kikubwa kuliko kinavyotajwa, maana kilionyesha njia ambayo kanuni za zahanati zingekuja kuifuata: usiikague lugha kubwa, soma lugha ndogo.

Afrika Mashariki ilikuwa tayari na kazi yake. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, Kenya, ulianza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulitumia Microsoft Access, na umeme wa jua ulisaidia pale wa gridi ulipokatika. Miongoni mwa walioujenga walikuwa Joseph Rotich, Terry Hannan na William Tierney. Mwaka huohuo mradi wa AMPATH ulifungua kliniki za virusi vya UKIMWI Eldoret na Mosoriot, na idadi ya wagonjwa ikaongezeka kupita kile ambacho Access ingeweza kubeba. Februari 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret kusaidia kuunyoosha mfumo huo, wakaona ni afadhali kuanza upya. Ndiyo asili ya OpenMRS. Februari 2006 ilianza kutumika Eldoret, na ndani ya mwaka uleule ikafika Rwinkwavu nchini Rwanda.

Uamuzi mmoja wa wale waanzilishi ndio unaonivutia kila nikiurudia. Hawakuandika safu ya "uzito" au "pumzi" ndani ya programu. Waliweka kamusi ya dhana: kila swali na kila jibu ni ingizo la kamusi, na mtu wa afya anaweza kuongeza ingizo jipya bila kumwita mwandishi wa programu. Ukishampa mtu wa afya uwezo wa kuongeza swali, hatua inayofuata ni kumpa uwezo wa kuandika sharti la swali: onyesha hili kwa wajawazito tu, kokotoa lile kutokana na uzito na urefu, toa onyo pumzi zikifika 50. Kamusi ndiyo iliyoleta hitaji la kanuni.

Upande wa Tanzania hitaji hilo lilijitokeza kwa njia nyingine. Mwaka 2007, Brian DeRenzi na wenzake walijaribu mkoani Mtwara programu waliyoiita e-IMCI, iliyouweka mwongozo wenyewe wa watoto ndani ya kompyuta ya mkononi na kumwongoza mhudumu swali kwa swali. Kanuni ya pumzi ilikuwemo. Waliripoti kwamba wahudumu walifuata hatua nyingi zaidi za mwongozo wakitumia kifaa kuliko walipotumia kitabu peke yake. Muda mfupi baadaye, hapahapa nchini, programu ya simu ya CommCare ilianza kujaribiwa kwa wahudumu wa majumbani.

CommCare na ndugu zake, pamoja na ODK iliyoanza mwaka 2008, zilirithi kiwango cha XForms, ambacho masharti yake huandikwa kwa XPath. Kwenye OpenMRS yenyewe, Daniel Kayiwa wa Uganda alileta XForms kwa moduli aliyoiandika. XPath haina uwezo wa kufungua ukurasa wala kutuma ombi kwenye seva. Inalinganisha, inajumlisha, inachagua, basi. Aliyeandika kanuni mbovu kwa XPath alipata fomu mbovu. Hakuweza kupata kitu kingine. Usalama ulikuja kwa sababu lugha ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Lakini kazi ikahamia kwenye kivinjari, na huko lugha kubwa ilikuwa tayari mlangoni. Katikati ya miaka ya 2010 watengenezaji wa AMPATH walijenga upya fomu zao kwa Angular, zana ya kujengea kurasa. Fomu nzima ikawa faili la JSON: maswali, majibu, na ndani yake mistari midogo ya JavaScript inayosema swali gani lifichwe lini na thamani gani ikokotolewe vipi. Kulikuwa na vitendakazi vya kusaidia, kimoja cha kuuliza kama jibu liko tupu, kingine cha kukokotoa uwiano wa uzito na urefu. Kwa mtu wa takwimu aliyezoea fomula za Excel, mistari hiyo ilisomeka. Injini ya fomu ya Eldoret, na ile ya React iliyofuata baadaye ndani ya OpenMRS, ziliikabidhi mistari hiyo kwa eval. Programu ya kufuatilia mgonjwa mmojammoja ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, kwenye toleo lake la zamani la kivinjari, nayo iliishia kwa eval baada ya kubandika thamani mahali pa majina.

Sioni uzembe hapo. Eval ilikuwepo, ilikuwa ya haraka, na fomu ziliandikwa na watu wanaoaminika. Ugumu ulijificha kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kusafiri kwa fomu. Fomu ya JSON inanakiliwa kutoka mradi hadi mradi, inatumwa kwa barua pepe, inapakiwa na msimamizi ambaye hajasoma kila mstari. Mstari mmoja ulioongezwa njiani ungeendeshwa ndani ya kivinjari cha daktari aliyeingia, mbele ya majina, vipimo na historia za wagonjwa, kwa ruhusa zake zote.

La pili ni kile kivinjari kinacholazimika kuruhusu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kivinjari kinaweza kuelekezwa na seva kikatae eval kabisa kwa ukurasa fulani, na ni kinga nzuri dhidi ya mashambulizi ya aina ya lile la MySpace. Mfumo unaotegemea eval kwa ajili ya fomu zake hauwezi kuiwasha. Ili kujua kama mtoto anapumua haraka, ukurasa wote wa hospitali unabaki bila kinga hiyo.

La tatu halina adui, na kwa maoni yangu ndilo lililo karibu zaidi na mgonjwa. Chukua sharti la kuonyesha maswali ya ujauzito, jinsia === 'KE'. Mwandishi wa fomu aliyechoka anaandika alama moja ya usawa badala ya tatu: jinsia = 'KE'. Kwa eval hilo si kosa. Ni amri halali: weka jinsia kuwa KE. Jibu la amri hiyo ni maandishi 'KE', na maandishi yasiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo maswali ya ujauzito yanaonekana kwa kila mgonjwa, na ndani ya muktadha jinsia ya mzee wa miaka 60 imebadilishwa. Kanuni nyingine zote zinazosoma jinsia baada ya hapo zinasoma uongo. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Swali limegeuka agizo kwa kukosekana alama mbili.

Jibu la kwanza la ulimwengu kwa matatizo ya aina hii lilikuwa kujenga uzio. Wacha lugha iwe kubwa, lakini zungusha ukuta. Google walijaribu kwa mradi wa Caja mwishoni mwa miaka ya 2000. Ulifungwa mwaka 2021. AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery, ilikuwa na kanuni ndogo ndani ya kurasa zake na ukuta wa kuzizuia zisitoke. Watafiti wa usalama, miongoni mwao Gareth Heyes na Mario Heiderich, waliutoboa mara kwa mara. Kila tundu lilipozibwa lingine lilipatikana, hadi toleo la 1.6 la Desemba 2016, ambapo timu iliuondoa ukuta wote na kusema wazi kwamba haukuwahi kuwa mpaka wa usalama wa kutegemewa. Upande wa seva, maktaba ya vm2, iliyotumiwa na miradi mingi kuendesha msimbo wa wageni, iliachwa na watunzaji wake Julai 2023 baada ya mfululizo wa matundu ambayo waliona hayazibiki kwa muundo uliokuwepo.

Sababu ya kuta hizi kuanguka inaonekana kwenye mstari huu mfupi:

''.constructor.constructor

Anza na maandishi matupu, alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani. Katika JavaScript hata maandishi matupu yanamjua aliyeyaunda: uliza constructor yake, unapata kitendakazi kinachotengeneza maandishi. Kitendakazi hicho nacho kina aliyekiunda: uliza tena, unapata Function, kiwanda kinachogeuza maandishi yoyote kuwa msimbo unaoendeshwa. Umetoka kwenye kitu kisicho na hatia na umefika kwenye eval kwa hatua mbili, bila kuandika neno eval. Kila namba, kila orodha, kila tarehe unayompa mwandishi wa kanuni inabeba njia hiyo ndani yake. Anayezuia jina moja atakuta jina hilohilo limekatwa vipande na kuunganishwa ndani ya mabano ya mraba. Ukuta unatakiwa kujua njia zote. Mshambuliaji anahitaji moja.

Njia ya pili ni ile ya kisomaji cha JSON na ya XPath, ikirudishwa kwenye JavaScript yenyewe. Badala ya kuiambia mashine "endesha", unaiambia "soma". Ni tofauti kati ya kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba na kumsikiliza mlangoni anahitaji nini. Mwaka 2024, timu ya OpenMRS iliingiza kwenye kiini cha mfumo wake mpya wa kivinjari moduli ya kukokotoa kanuni za JavaScript kwa usalama ndani ya muktadha uliotolewa. Haikuanza kutoka sifuri. Ilitumia maktaba iliyokuwepo kwa miaka, jsep ya Stephen Oney, ambayo kazi yake ni kuchambua usemi wa JavaScript bila kuuendesha.

Tuipitishe kanuni ya pumzi humo. Jsep inapokea umri < 12 ? pumzi >= 50 : pumzi >= 40 na kurudisha mti. Kwenye shina kuna sharti lenye matawi matatu. Tawi la kwanza ni ulinganisho: kushoto jina "umri", kulia namba 12, katikati alama ya chini-ya. La pili na la tatu ni ulinganisho wa namna hiyo kwa jina "pumzi". Mpaka hapa hakuna kilichoendeshwa. Kisha mkokotoaji anautembelea mti tawi kwa tawi. Akikuta namba, anairudisha. Akikuta jina, analitafuta kwenye muktadha aliopewa, na kwenye orodha fupi ya vitu vya kawaida visivyo na madhara, kama hesabu za Math na tarehe. Asipolikuta, anasimama na kutoa hitilafu. Akikuta ulinganisho, anakokotoa pande mbili na kulinganisha. Akikuta aina ya tawi asiyoijua, hajaribu kubahatisha; anakataa.

Nguvu iko kwenye kukataa huko. Kuweka thamani hakumo kwenye orodha ya matawi anayoyajua, kwa hiyo jinsia = 'KE' haibadilishi jinsia ya mtu yeyote; mwandishi wa fomu anapata hitilafu siku ileile anayoijaribu, mezani kwake, kabla fomu haijafika kwa mgonjwa. Dirisha la kivinjari na ukurasa wake havimo kwenye muktadha, kwa hiyo kanuni haina jina la kuvifikia. Neno new, ambalo katika JavaScript huunda kitu kipya cha aina yoyote, linakubaliwa kwa aina chache tu, kama tarehe. Na ile njia ya hatua mbili imefungwa mahali pake hasa: kila mara usemi unapoomba sifa ya kitu, mkokotoaji anaangalia jina la sifa hiyo baada ya kulikokotoa, na likiwa constructor, prototype au __proto__, anakataa. Kulikata vipande hakusaidii, kwa sababu anayekagua haangalii herufi zilizoandikwa. Anaangalia jina lililopatikana mwishoni, dakika ya kulitumia.

Moduli hiyo ina mambo mengine ambayo mtu wa fomu atayashukuru. Unaweza kumwambia mkokotoaji kwamba unatarajia ndiyo au hapana, au namba, na akukatalie jibu la aina nyingine. Unaweza kumwomba orodha ya majina yaliyotajwa kwenye kanuni bila kuikokotoa, ujue ni majibu gani yakibadilika kanuni irudiwe. Kwenye mfumo mpya wa OpenMRS, kituo kinaweza kuitumia kuandika kwenye usanidi wake sharti linaloamua kama sehemu fulani ya ukurasa ionekane au isionekane.

Watu wa DHIS2 walifika mahali hapohapo kwa barabara yao. Mfumo huo una mizizi kwenye mradi wa HISP ulioanza Cape Town mwaka 1994 na kukulia Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake wa Tanzania kwa miaka mingi. Ndio unaobeba takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania. Kufikia 2013 ulikuwa umeenea mikoani kote Tanzania Bara, Rukwa, mkoa wa Sumbawanga, ikiwemo. Kila kiashiria ndani yake ni fomula yenye kiasi na asili, iliyoandikwa na wataalamu wa takwimu. Upande wa seva, miaka ya mwisho ya 2010, DHIS2 iliacha maktaba ya zamani ya hesabu na kuandika sarufi yake yenyewe kwa zana ya ANTLR, ambayo kila usemi husomwa kuwa mti kwanza kabla ya kukokotolewa. Timu mbili, Oslo na jamii ya OpenMRS, mifumo miwili tofauti, jibu moja.

Mwongozo wa watoto nao haukukaa. Mwaka 2014 toleo jipya la IMCI lilibadilisha uainishaji wa nimonia: mtoto ambaye kifua kinabonyea anapopumua, ambaye zamani alihesabiwa kuwa na ugonjwa mkali wa kupewa rufaa, kwa kawaida sasa anatibiwa kwa amoksilini ya kumeza. Kila fomu iliyobeba sharti la zamani ilihitaji kuguswa. Anayejua badiliko la namna hiyo mapema na kwa undani ni mratibu wa afya ya mtoto na mratibu wa MTUHA wa halmashauri, watu ambao wameukalia mwongozo kwenye semina na wanajua zahanati gani inaufuata vipi. Nataka wao ndio waandike mstari. Sitaki waandike mstari ambao, ukikosewa au ukichezewa, unaweza kufungua mafaili ya wagonjwa wa mkoa. Mkokotoaji anayesoma kabla ya kutii ndiye anayewezesha mambo hayo mawili yawe pamoja.

Kazi iliyobaki si ndogo. Fomu zilizoandikwa kwa miaka ya eval zimezoea ukarimu wake. Baadhi zinatumia vitendakazi au mbinu ambazo mkokotoaji mdogo hazijui, na kuzihamisha ni kuzisoma moja baada ya nyingine. Kutembelea mti hakuzuii kanuni nzito kupita kiasi isigandishe kivinjari kwenye simu ya bei nafuu. Na kuna jambo ambalo hakuna kisomaji kitakacholikamata. Kanuni ya pumzi, kama nilivyoiandika hapo juu, ni salama kabisa na ina kosa. Mhudumu asipohesabu pumzi, sehemu ile inabaki tupu, na katika JavaScript kulinganisha kitu kitupu na 50 kunatoa jibu la hapana. Fomu itasema mtoto hapumui haraka, kumbe hakuna aliyehesabu. Umri ukiwa tupu, yaani null, inatokea vivyo hivyo kimyakimya: null inahesabiwa kuwa sifuri, sharti la kwanza linakuwa ndiyo, na mtoto wa miaka miwili anapimwa kwa kikomo cha mwenye miezi mitatu.

Kwa hiyo mstari unaandikwa upya, ukianza na kuuliza kama vyote viwili vipo:

umri == null || pumzi == null ? null : umri < 12 ? pumzi >= 50 : pumzi >= 40

Kisha unajaribiwa kwa watoto wa kwenye karatasi kabla ya yeyote wa kweli: wa miezi 11 na pumzi 49, wa miezi 11 na pumzi 50, wa miezi 12 na pumzi 39, wa miezi 12 na pumzi 40, asiyehesabiwa pumzi, na asiyejulikana umri. Majibu yanayotakiwa ni hapana, ndiyo, hapana, ndiyo, na mara mbili jibu tupu linaloifanya fomu imrudishe mhudumu kwenye swali ambalo halijajibiwa.